Mvinyo wa Matunda na Suala la Kipimo

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mananasi ya Sengerema na Geita hayangoji tena kivuko. Yanapita Usagara, Buhongwa na Mkolani na kuingia Mwanza mjini yakiwa bado mabichi. Kwa mlaji habari hiyo ni njema. Kwa mkulima ni njema nusu tu, kwani msimu unapofika kila gari hubeba kitu kile kile, bei huanguka, na tunda lisilouzwa leo kesho kutwa ni la kutupwa.

Ndipo linapozuka suala la mvinyo. Ufundi wenyewe si mgeni. Watu wa Kagera wametengeneza lubisi ya ndizi tangu enzi za mababu. Arusha hutoa mvinyo wa ndizi wa kiwandani. Na jirani zetu wa Kenya waliwahi kutengeneza mvinyo wa mapapai. Akina mama wanaojaribu mananasi na rozela nyumbani hawakosi maarifa. Wanachokosa ni kipimo.

Maji ya nanasi lililoiva yana sukari ya gramu 120 hadi 140 hivi katika lita moja. Chachu hutumia kiasi cha gramu 17 kwa lita ili itoe asilimia moja ya kilevi. Basi maji hayo peke yake hayavuki sana asilimia 8. Atakaye 12 hana budi kuongeza sukari, naye hawezi kujua aongeze kiasi gani bila haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari. Asiyepima hufunga chupa wakati chachu ingali ikifanya kazi, na chupa hupasuka. Mwingine huacha pipa wazi akavuna siki. Mbaya zaidi ni yule atumiaye debe la bati au pipa lililokuwa na dawa za viwandani, maana asidi ya nanasi hula bati. Hapo hatuzungumzii tena ladha, bali afya za watu.

Hata katika kuonja tuna mazoea mabaya. Wengi wetu husifu mvinyo kwa jinsi unavyolevya upesi. Wengine huulaumu kwa kuwa haufanani na ule wa zabibu za Dodoma. Kwa nini ufanane, ilhali ganda la zabibu hutoa ukakasi ambao nanasi halina? Mvinyo wa nanasi uulizwe mambo yake: Je, umetakata? Unanukia nanasi au hamira? Utamu na uchachu vinachukuana? Baada ya miezi sita ungali vile vile? Na waonjaji wapewe bilauri zisizo na jina, mtengenezaji akiwa nje ya chumba.

Wapo wasemao mtengenezaji mdogo aachwe kwanza akue, sheria itamfuata baadaye. Hatukubaliani nao, kwa kuwa tumbo la mnywaji halijui ukubwa wa kiwanda. Lakini pia kumtaka mama mwenye mapipa mawili ajenge kiwanda kizima ndipo aombe alama ya Shirika la Viwango ni kumfukuzia uani, atengeneze kwa siri.

SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina eneo lake Nyakato. Twaomba litenge hapo chumba kimoja cha kutumiwa kwa zamu, chenye ubaridi, mapipa ya chuma kisichoshika kutu na vipimo vyake, ili Shirika la Viwango likague mahali pamoja badala ya nyua ishirini. Fedha nazo si ndoto: sheria huitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha Mkolani kikiomba mkopo huo kwa ajili ya mvinyo, maofisa wasiulize marejesho peke yake. Waulize na haidromita iko wapi.