Kalipa Nyekundu, Pedi Zilizokwisha



Nimerudi kutoka Kilimarondo nikiwa mzima, na neno hilo silitumii kwa mazoea. Nilipanda gari dogo la abiria mjini Nachingwea. Tulikuwa watu tisa katika gari la watu saba, pamoja na magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu. Kabla ya kuondoka, dereva, kijana mchangamfu wa umri wa wanafunzi wangu, aliniita nitazame magurudumu. Nyuma ya rimu zilizong'arishwa, kalipa za breki zilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva. "Mwalimu, hizi ni kama za magari ya mashindano," alisema. "Nilizipiga rangi msimu wa korosho." Nikamsifu. Sifa ile inanisuta hadi leo.

Njiani, katika mteremko mmoja mrefu, kanyagio la breki lilizama hadi chini. Kijana, kwa ustadi ambao sitaacha kuukiri, alirudisha gia, akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, likasimama kwa kujikwaruza ubavu mzima. Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango aliteguka mkono. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Mjukuu wangu, si ulisema gari limetengenezwa?"

Lilikuwa limepakwa. Halikuwa limetengenezwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo hoja yangu yote leo.

Fundi alipofungua gurudumu tukaona ukweli. Rangi ya kopo ilikuwa imepulizwa juu ya vumbi na grisi, bila kufungua chochote. Iliingia kwenye pini ambazo kalipa hutelezea, ikazigandisha. Pedi ya ndani ilikuwa imelika hadi chuma, na ya nje bado nene. Mafuta ya breki yalikuwa yamegeuka kahawia. Wengi wetu hatujui kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika. Hapo mguu unakanyaga hewa.

Wapo watakaosema: mhadhiri ameanza kuwasema vijana wanaojitafutia riziki. Hapana. Sina ugomvi na rangi. Mtu aliyevuna korosho kwa jasho ana haki ya kupendezesha mali yake. Tena, kazi ya rangi ya unga kwenye kalipa, ikifanywa kwa haki, ni shule ya uadilifu. Fundi wa kweli huifungua kalipa yote. Hutoa pistoni, hutoa raba zake, huikwangua kutu kwa mchanga wa shinikizo mpaka chuma kibaki uchi. Huziba matundu na sehemu zote ambazo rangi haitakiwi kuingia. Ndipo hupuliza unga uliochajiwa umeme, ukanata kwenye chuma, kisha huoka katika tanuri kwa joto linalokaribia nyuzi 200. Raba ikisahauliwa ndani, inaharibika. Mwishoni huweka raba mpya, mafuta mapya, na kutoa upepo wote kwenye mfumo. Rangi hiyo huwezi kuipata bila kwanza kuziona breki zako zilivyo.

Ninachopinga ni rangi inayotumika kukwepa kufungua.

Na hapo, ndugu mtumishi wa umma, usimcheke dereva wa Kilimarondo. Kopo lile analo yeye, na sisi tunalo. Mgeni mkubwa akitarajiwa, ni mara ngapi tumeona mawe ya barabarani yakipakwa chokaa na ukuta wa zahanati ukipigwa rangi, ilhali kabati la dawa halifunguliwi? Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, stika hubandikwa kiooni. Je, kila gari lenye stika lilivuliwa gurudumu? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 tunayo. Kinachotupungukia ni jeki, spana na mkaguzi aliye tayari kuchafua mikono yake.

Nachingwea ingepaswa kuwa ya kwanza kulielewa hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Vilikuja vyombo vizito, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Ikajengwa bandari Mtwara, na reli ikapanda kutoka pwani hadi huku. Kitu ambacho hakikufunguliwa vizuri kabla ya kuanza ni udongo wenyewe na mvua zake. Kufikia mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni. Reli nayo ikang'olewa. Nasi, tuliopata uhuru na elimu, tumerithi hulka ileile ya kupenda kinachoonekana barabarani.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia, "Mwalimu, mkaguzi huangalia alichotumwa kuangalia." Basi tubadilishe anachotumwa. Fomu ya ukaguzi wa gari la abiria iwe na unene wa pedi kwa milimita, kila gurudumu, na tarehe ambayo mafuta ya breki yalibadilishwa, pamoja na saini ya aliyefungua. Na ukaguzi ufuate magari yanakofanya kazi, Kilimarondo, badala ya kuyasubiri kwenye lami. Kwa wanaharakati nasema: dai hilo ni dogo, halihitaji mfadhili, na anayelikataa itambidi aeleze kwa nini.

Nami nina deni langu. Siku ile, badala ya kusifu wekundu, nilipaswa kumwuliza kijana yule: "Mara ya mwisho ulifungua gurudumu hili lini?" Lingekuwa swali la sekunde tano. Bibi yule alililipia kwa mkono wake.