Njaa Haina Likizo

Kila mwaka shule za hapa Marekani zinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, mamilioni ya watoto hupoteza chakula chao cha mchana. Katika siku ya kawaida ya shule karibu watoto milioni 30 hupanga foleni kwenye mabwalo ya chakula, na wengi wao hula bure au kwa bei iliyopunguzwa kwa sababu kipato cha wazazi ni kidogo. Shule ikifungwa, bwalo nalo hufungwa. Kodi ya nyumba haipungui, bili ya umeme haipungui, mshahara wa baba na mama unabaki ule ule, lakini mezani nyumbani unaongezeka mlo mmoja au miwili kwa kila mtoto, siku tano za juma, mpaka shule zifunguliwe tena.

Tunaandika haya sisi Walutheri tunaomwabudu Mungu kwa Kiswahili katika nchi hii. Wako kati yetu waliotoka Tanzania, Kenya na Burundi, na wako wengi waliotoka Kongo kwa njia ndefu ya kambi za wakimbizi. Tunaandika kwa sababu chakula cha watoto wakati wa likizo kimegeuzwa kuwa ugomvi wa siasa, na tunawasikia Wakristo, wengine wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya makanisa yetu wenyewe, wakilisemea jambo hili kwa maneno yasiyo na msingi katika Maandiko wala katika mafundisho ya kanisa letu. Maneno hayo yanahitaji kujibiwa waziwazi.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha mpango wa kudumu uitwao Summer EBT, ambao katika majimbo mengi hujulikana kwa jina la SUN Bucks. Ulianza kazi kiangazi cha 2024. Familia yenye kipato kidogo hupewa dola 40 kwa mwezi kwa kila mtoto wa shule anayestahili, kwa miezi mitatu, yaani dola 120 kwa kiangazi chote. Fedha huingizwa kwenye kadi, na kadi hiyo hununua vyakula vya kwenda kupika nyumbani: unga, maharage, maziwa, mboga, matunda. Hainunui pombe, sigara wala sabuni. Kisichotumika ndani ya siku 122 hurudi serikalini. Gharama yote ya chakula hulipwa na serikali kuu. Jimbo hutakiwa kuchangia nusu ya gharama za uendeshaji tu.

Ukizigawa dola 120 kwa siku za miezi mitatu, hazifiki dola moja na nusu kwa siku. Hizo ndizo fedha tunazoambiwa kwamba zitaharibu tabia za watu.

Kwa kuwa sheria inaliruhusu jimbo kujitoa, yako yaliyojitoa. Mwezi Desemba 2023 Iowa, chini ya Gavana Kim Reynolds, ilitangaza kwamba haitashiriki. Moja ya sababu alizotoa gavana ni kwamba kadi ya chakula haisaidii lishe, wakati unene wa kupita kiasi umekuwa janga kwa watoto. Jimbo lingetumia takriban dola milioni 2.2 kwa uendeshaji, na watoto wapatao 240,000 wangepata chakula cha takriban dola milioni 29. Katika jimbo jirani la Nebraska, Gavana Jim Pillen alikataa pia, akisema haamini katika misaada ya aina hiyo. Huko Texas, mwaka 2025, wabunge wa jimbo walitenga dola milioni 60 ili mpango uanze kiangazi cha 2027, na Gavana Greg Abbott akazifuta kwa kalamu yake.

Tuzichukue hoja zao moja moja.

Wanasema kadi itawanenepesha watoto. Hoja hii ingekuwa na uzito kama jambo lenyewe lisingekuwa limepimwa. Kuanzia mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilifanya majaribio ya mpango huu katika sehemu mbalimbali za nchi kabla haujawa wa kudumu. Ilionekana kwamba idadi ya watoto walioishi katika hali mbaya kabisa ya upungufu wa chakula ilishuka kwa theluthi moja, na kwamba watoto katika familia zilizopata kadi walikula zaidi matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa. Mama yeyote anayekwenda sokoni angeweza kuyasema hayo bila utafiti. Mwenye fedha kidogo hununua kinachojaza tumbo kwa bei ndogo. Akiongezewa kidogo, ndipo anaponunua machungwa na mchicha.

Wengine wanasema viko vituo vya kugawa chakula wakati wa likizo, basi watoto waende huko. Vituo hivyo ni vyema na tunawaheshimu wanaovihudumia. Lakini mtoto wa miaka saba hafiki kituoni peke yake, na mzazi wake saa sita mchana yuko kazini. Ndiyo maana chini ya mtoto mmoja kati ya watano wanaokula chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni huonekana kwenye vituo hivyo wakati wa kiangazi. Chakula kikiwa jikoni kwao, hakuna anayehitaji usafiri wa kukifikia.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu hutolewa na Biblia mkononi. Tunaambiwa kwamba msaada huzaa uvivu, na kwamba Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuwa asiyetaka kazi asipewe chakula. Sisi Waswahili tunaongezea na methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, tumsome Paulo vizuri. Aliwasema watu wazima wenye nguvu ambao hawakutaka kufanya kazi. Hakumsema mtoto wa darasa la pili. Na wazazi wa watoto hawa jembe wanalo tayari, tena wanalishika usiku na mchana. Wako kwenye viwanda vya nyama wakikata minofu katika baridi kali. Wako hotelini wakitandika vitanda, na kwenye nyumba za wazee wakiwaogesha wagonjwa. Mshahara wao hautoshi kwa sababu kazi yao inalipwa kidogo. Anayewaita wavivu hajawahi kukutana nao kituo cha basi saa kumi alfajiri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Mkristo hana ruhusa ya kutomjua.

Hoja ya nne ina sura ya utauwa. Inasema kumlisha maskini ni kazi ya kanisa, serikali isiingilie. Hapa tunaomba Walutheri wenzetu wakumbuke historia yao. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig huko Saksonia ulianzisha sanduku la pamoja kwa ajili ya wahitaji, na Martin Luther mwenyewe akaandika dibaji ya kanuni zake. Sanduku lile halikuachiwa huruma ya mtu mmoja mmoja. Lilikuwa na kufuli nne, na kila mwaka walichaguliwa wasimamizi kumi kutoka kwa wakuu, baraza la mji, raia wa kawaida na wakulima wa vijijini. Baraza la mji na kanisa walikaa meza moja, wakaandika sheria, wakahesabu fedha. Wazee wetu wa imani hawakuona kwamba utaratibu wa serikali unaupunguza upendo wa Kikristo. Waliona kwamba upendo usio na utaratibu humfikia anayelia kwa sauti na kumpita aliyenyamaza.

Na kabla ya Leisnig lilikuwapo Agano la Kale. Katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, Mungu hakumwachia mwenye shamba aamue kama atamhurumia mgeni, yatima na mjane. Aliweka sheria: pembe za shamba zisivunwe, mganda uliosahauliwa usirudiwe. Ruthu Mmoabi alipoingia kuokota masazo, alikuwa mgeni, na sheria ilikuwa imekwisha kumfungulia njia. Wema wa Boazi ulikuja baadaye na ukazidi kile alichoamriwa. Ndivyo mambo yanavyopaswa kupangika: sheria iweke kiwango ambacho mtoto hashuki chini yake, kisha kanisa liongeze juu yake kwa moyo wa hiari.

Katika Katekisimu Ndogo, anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, Luther anaihesabu serikali njema kuwa sehemu ya riziki ya kila siku, pamoja na chakula, mavazi, nyumba na majirani waaminifu. Katika Katekisimu Kubwa anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba ingefaa nembo ya mtawala mcha Mungu iwe na picha ya mkate badala ya simba. Mtawala anayekataa mkate uliokwisha kulipiwa, kwa ajili ya watoto wa jimbo lake, amechagua simba. Na Mkristo anayempigia makofi, Jumapili inayofuata anasimama na kuomba riziki. Anaiomba kwa niaba ya nani? Ombi hilo Bwana alitufundisha kulisema kwa wingi. Hakuna katika sala ile mahali pa kuomba sahani ya mtu mmoja.

Sasa tugeukie nyumbani kwetu, maana lawama haziishii kwa magavana.

Kuna maneno yanayosemwa katika jumuiya zetu kwamba kupokea kadi ya chakula ni aibu, kwamba fulani amezoea vya bure, kwamba familia yenye heshima hujitegemea. Maneno haya husemwa kwenye chai baada ya ibada, na huwafikia wanaohusika. Matokeo yake mama anaacha kujaza fomu, na watoto wake wanakunywa uji mtupu mchana wa mwezi wa Julai ili watu wasiseme. Tunayaita maneno hayo kwa jina lake: ni dhambi dhidi ya jirani, na wanaoadhibiwa ni watoto. Wengi wanaosema hivyo walikula mgao kambini miaka kumi au zaidi, na hakuna aliyewaambia wakati ule kwamba Mungu amewadharau.

Lipo pia la hofu. Wapo wanaoamini kwamba kuomba msaada huu kutaharibu karatasi zao za uhamiaji. Mpango wa SUN Bucks haumtaki mtoto awe raia ili astahili. Tatizo la kweli liko kwingine. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi katika SNAP, ule msaada mkubwa wa chakula, mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Familia zilizo katika SNAP huandikishwa SUN Bucks moja kwa moja. Familia iliyotolewa humo, na ambayo watoto wake wanasoma katika shule inayowalisha wanafunzi wote bure bila fomu, jina lake linaweza lisiwe kwenye orodha yoyote. Yapasa iombe yenyewe, kwa lugha isiyoijua, kabla tarehe ya mwisho haijapita.

Hapo ndipo penye kazi ya kanisa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane waliozungumza Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakusema kwamba orodha ya mgao ni mambo ya dunia. Walichaguliwa watu saba waliojaa Roho na hekima ili kuisimamia. Lugha ilikuwa imewaacha wajane nje ya orodha, na kanisa likaona kuwa jambo hilo linahitaji watu waliojaa Roho Mtakatifu. Basi kila usharika wetu ulio katika jimbo lenye mpango huu, kamati ya diakonia iwatenge watu wawili au watatu wanaojua Kiingereza vizuri, na kabla shule hazijafungwa wakae baada ya ibada na kila mzazi mwenye mtoto wa shule, wasome barua yake, wajaze fomu yake, waitume. Mzee wa kanisa anayemsaidia jirani kujaza fomu hiyo yumo katika huduma ya akina Stefano.

Na katika majimbo yaliyokataa, tuseme. Msiamini kwamba kusema hakusaidii. Mwezi Februari 2024, wiki chache baada ya kukataa, Gavana Pillen wa Nebraska alibadili uamuzi, na akaeleza kwamba alikuwa amewasikia vijana wa jimbo lake wakisimulia hali zao. Kama mwanafunzi aliweza kumwendea gavana na kumwambia ukweli kuhusu njaa, mshirika mwenye kura anaweza, na asiye na kura bado anaweza kuandika barua na kuitia sahihi pamoja na usharika wake.

Shule zitafungwa tena mwaka huu, na watoto watarudi nyumbani na mabegi yao. Wapendwa, kabla ya siku hiyo tuhakikishe kwamba hakuna jina la mtoto wa usharika wetu lililoachwa nje ya orodha kwa sababu ya maneno yetu, uvivu wetu au ukimya wetu.