Ziwa Nalo ni Bahari, Tusilidharau

Sisi watu wa pwani tuna tabia moja ya zamani, nayo ni kudhani kwamba ubaharia umezaliwa kwetu na utazikwa kwetu. Mtu wa bara akitaja mashua na tanga, twacheka chini kwa chini. Ziwa, twasema, ni maji ya kuogea. Halina bamvua wala papa, halina kaskazi wala kusi. Mimi nami nilikuwa katika wacheka hao, mpaka mwaka jana niliposafiri kwa tanga kutoka kisiwa cha Mfangano hadi mji wa Mbita, katika Ziwa Victoria. Leo naandika kuungama.

Mashua tuliyopanda ilikuwa ya mbao, ndefu na nyembamba, yenye mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu lililofungwa katika foromali, kama mashua yoyote ya Lamu au Vanga. Nilipoliona tanga lile nilijihisi nimefika nyumbani. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, na ziwa limetulia kama mafuta katika sahani. Nikamwambia nahodha, kijana asiyepata miaka thelathini, "Mwanangu, mbona twapoteza wakati? Tweka tanga twende."

Akanionyesha kwa kidevu wingu dogo jeusi lililokaa juu ya milima ya Gwasi. "Mzee," akasema, "lile halijaamua."

Nikacheka, kwani kwetu wingu la kadiri ile hatulihesabu. Hakubishana nami, alikwenda akakaa chini ya mti akashona wavu wake. Haikutimia saa moja, sahani ile ya mafuta iligeuka chungu kinachotokota. Upepo ulivuma kutoka huku na huku, mvua ya mawe ikapiga mabati, na mashua zilizofungwa ufukoni zikagongana kama mbuzi. Lau amri ingalikuwa yangu, ewe msomaji, usingaliyasoma maneno haya.

Tufani ilipopita nahodha alinieleza elimu yake, nami nikasikiliza kama nilivyomsikiliza mwalimu wangu wa chuoni. Pwani pepo zetu zina miezi. Wazee walihesabu siku tangu Nairuzi, wakajua lini kusi litaanza na lini bahari itafunga. Ziwani pepo zina saa. Usiku nchi kavu hupoa, upepo ukatoka bara kuelekea majini, na mvuvi hutoka nao. Mchana nchi hupata moto, upepo ukageuka, na mvuvi hurejea nao. Basi sisi twahesabu miezi, wao wahesabu saa. Na anayehesabu saa hapati nafasi ya kukosea.

Tena sisi tuna neema ya maji kupwa, chombo kikakaa juu ya mchanga tukakipaka shahamu bila ya taabu. Wao maji yao hayapwi wala hayajai, na mashua haina budi kukokotwa kwa mikono ya watu. Maji matamu hayana wale wadudu wanaotutoboa mbao, walakini huziozesha upesi, kwa kuwa hayana chumvi ya kuzihifadhi.

Najua yuko atakayesema, "Lakini tanga tumewapelekea sisi." Hilo silikatai. Misafara ya pwani ilipofika kwenye maziwa makuu, majahazi yaliingia maji matamu. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alilivuka Ziwa Tanganyika mpaka kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi, asilipate. Hata hivyo, wenyeji hawakuwa wakitungojea sisi. Baganda na watu wa visiwa vya Sese walishona mbao za vyombo vyao kwa nyuzi, kama babu zetu walivyoushona mtepe kwa kamba za makumbi. Na huo mtepe wetu u wapi leo? Imebaki mifano tu katika makumbusho. Aliyekopesha amesahau mali yake, aliyekopa angali akiitumia.

Alasiri upepo wa ziwani ulisimama sawa nyuma yetu, ukatufikisha Mbita bila ya kubisha hata mara moja. Mji ule hauna utulivu. Feri yaja kutoka Luanda K'Otieno, mashua za visiwani zashusha watu na magunia, akina mama waanika omena, na vijana wa pikipiki wagombea abiria. Vyombo vingi sasa ni vya mashine, na mashua yetu ya tanga ilitafuta nafasi pembeni, kama mgeni asiyealikwa.

Mji huo una fundisho moja. Katika miaka ya 1980 mlango wa maji kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga ulizibwa kwa tuta la barabara. Gari zikapata njia, maji na vyombo vikaikosa, na mvuvi akalazimika kukizunguka kisiwa kizima. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka likajengwa daraja na maji yakapita tena. Waliotia tuta lile walimfikiria mwenye gari. Mwenye tanga hakuulizwa.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wenye kupanga bandari, ziwani na pwani, wasisahau kuweka mahali pa chombo cha tanga: ufuko wa kupandishia mashua, kivuli cha fundi, na habari za hali ya hewa zitolewe kwa lugha anayoisikia mvuvi. Nasi wa pwani tuache kiburi. Kwetu tanga limekuwa pambo la kutembezea watalii na la mashindano. Kule lingali likimlipia mtoto karo. Petroli yazidi kupanda bei, na mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku tutakapourudia upepo tutamkuta nani wa kutufundisha?

Juu ya hayo yote ni roho za watu. Katika mashua yetu tulikuwa watano, na jaketi za kujiokolea zilikuwa mbili. Ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 si maji ya kuogea. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaua mamia. Na miaka miwili kabla yake, hapa hapa kwetu, feri ya Mtongwe iliwazamisha watu 272. Chumvi haikuwaokoa hao, wala utamu haukuwaokoa wale.

Katika Surat Fatir, Mola ametaja bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi, na kwamba katika zote mbili twapata nyama laini na twaona vyombo vikikata maji. Hakuidharau hata moja. Usiku ule pale Mbita nilikaa ufukoni nikitazama taa za wavuvi wa omena, zimetanda majini kama mji wa pili. Nahodha wangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amelitazama wingu kwanza, ndipo akatoka.