Kwa Baiskeli Hadi Malindi

Wako vijana wanaokusudia kuitumia likizo yao kwa safari ya baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Twawapongeza, ila twawaomba wautazame upepo kabla ya ramani. Julai hata Septemba huvuma kusi, nao humsukuma mgongoni aendaye Malindi. Januari na Februari ni zamu ya kaskazi. Hapo mwenye busara huanzia Malindi akarudi Mombasa. Wenye majahazi walilijua jambo hili kabla ya lami.

Yafaa walale Kilifi, katikati ya njia. Bahari yenyewe, tuseme kweli, huonekana kwa nadra. Mkonge wa Vipingo ndio mwingi. Lakini juu ya daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, hapana asiyeshuka kutazama.

Hatari iliyopo ni malori na matatu. Msafiri wa likizo atavumilia siku mbili. Mchuuzi wa samaki na mwanafunzi huipita njia hiyo kila siku. Kwa ajili yao twawataka wahusika watengeneze kando ya lami, pana ya kutosha baiskeli, tangu Mtwapa hata Malindi.