Usijenge duka lako lote kwenye kiwanja cha mtu mmoja

Leo sina mbinu ya kupiga picha bidhaa wala muda mzuri wa kuposti. Leo nataka tuongelee kazi yenyewe, itakuwaje miaka kumi ijayo kwa sisi tunaouza kwa simu. Huu ni mtazamo wangu, ukitaka kuupinga kwenye maoni, ruksa.

Kila siku tunaambiwa hivi: fungua ukurasa, kusanya wafuasi, ukifika elfu kumi umetoka. Mimi naona hapo ndo tunapopotea. Wafuasi sio wateja wako bado, ni watu wa mwenye mtandao. Yeye ndo anaamua nani aone posti yako leo na nani asiione. Akibadilisha utaratibu wake usiku, asubuhi unaamka na oda mbili badala ya kumi na hujui umekosea wapi. Wewe pale umepanga tu, tena bila mkataba.

Nasema hivi: kazi ya kesho kwa watu wa hali yetu haitatoka kwa bosi mmoja wala kwenye ukurasa mmoja. Itatoka kwenye vikundi vya mtandaoni visivyo na mwenyewe mmoja, ambamo watu wanagawana kazi, wanagawana mzigo na wanalindana. Ila vikundi hivyo vitatubeba vikiwa na kanuni. Bila kanuni vitatumaliza mapema kuliko bosi yeyote.

Tuanze na hatari, maana wengi huwa tunaisahau mapema.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa kama saa sita. Kwetu ilikuwa jioni kuingia usiku, muda uleule ambao watu wametoka kazini na wanaulizia bei. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, nchi nzima tukawa tunahangaika na mtandao. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa hapa nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ikakatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Sijaleta siasa hapa. Naongea kama muuzaji: mara nne ndani ya kama miaka minne, mtu ambaye duka lake lote liko ndani ya simu amejikuta mlango umefungwa na ufunguo hana.

Hata bila hayo makubwa, akaunti moja moja zinapotea kila wiki. Ukurasa wangu kwenye mtandao fulani uliwahi kufungwa siku tisa. Hakuna ofisi ya kwenda, hakuna namba ya kupiga, kuna fomu ya kujaza na kusubiri. Kilichoniokoa ni daftari lenye namba za wateja. Nilituma meseji za kawaida, mzigo ukatoka.

Sisi wa Babati somo hili tulilipata hata kabla ya biashara za mtandaoni kushamiri. Tulilipata kwenye mbaazi. Mkulima wa huku alilima mbaazi akijua soko ni India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei ikaporomoka, watu wakabaki na magunia ndani. Mbaazi haikuwa mbaya na mkulima hakuwa mvivu. Tatizo lilikuwa njia moja, mnunuzi mmoja. Anayeuza kupitia ukurasa mmoja tu analima mbaazi zile zile.

Sasa tuangalie njia nyingine.

Umewahi kujiuliza kwa nini simu yako haina shida hiyo? Una laini ya Voda, unampigia mwenye Airtel, inaita. Hakuna kampuni moja inayomiliki kupiga simu. Kwenye pesa haikuwa hivyo. Zamani kumtumia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa mzunguko. Mwaka 2014 Tigo, ambayo leo ni Yas, ikaungana na Airtel na Zantel ili pesa zihame moja kwa moja, na 2016 Vodacom wakaingia. Leo mteja wa Katesh au Haydom anakulipa kwa laini aliyonayo, wewe unapokea kwa uliyonayo. Kampuni ni zile zile na bado zinashindana, ila hakuna iliyomfungia mteja ndani. Ndo maana ya mfumo usio na mwenyewe mmoja. Sio kitu cha wazungu wa kompyuta, uko nao mfukoni.

Huko nje wapo wanaojenga hata mitandao ya kijamii kwa namna hiyo. Mastodon ilianzishwa Ujerumani mwaka 2016. Iko kama barua pepe: kila kundi linaendesha seva yake na kuweka kanuni zake, na bado wa kundi hili anaongea na wa kundi lile. Sikwambii uhamie huko kesho, wateja wetu hawapo huko. Nakwambia wazo lenyewe linafanya kazi.

Na sio mbali. Mwaka 2013 pale Mombasa, kwenye mtaa unaoitwa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianzisha vocha yao wakaiita Bangla-Pesa. Mama wa mboga akikosa shilingi, anamlipa fundi kwa vocha, fundi anamlipa muuza maji, muuza maji anarudi kununua mboga. Dhamana ilikuwa wao wenyewe kujuana na kudhaminiana. Waanzilishi walikamatwa, wakashtakiwa, mashtaka yakafutwa mwaka huohuo. Wazo halikufa. Baadaye likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, mpaka mwenye kitochi anatumia, likafika Mukuru Nairobi na Kinango kule Kwale. Kipindi cha korona, pesa ilipokauka mitaani, Sarafu ilifika watumiaji kama 40,000. Wale hawakuajiriwa na mtu. Walikuwa na kazi kwa sababu waliaminiana kwa utaratibu ulioandikwa.

Hapa kwetu jambo hili limeshaanza, ila hatuliiti kwa jina hilo. Angalia mawinga wa Kariakoo. Winga hana duka wala mzigo. Ana simu, ana wateja, na anajua duka gani lina kitu gani. Anachukua picha, anauza, anaweka cha juu chake. Hajaajiriwa na hakuulizwa cheti.

Sasa hiyo kazi inasambaa mpaka mikoani kupitia magrupu. Mimi nipo Maisaka, kwenye grupu la wauza nguo, viatu na vyombo. Mmoja wetu yuko Dar, ndo macho yetu sokoni. Mwingine yuko Arusha. Kuna dada wa Magugu mwenye mkono wa picha, anatutengenezea wote. Kuna kaka wa boda hapa mjini, mzigo ukishuka stendi anaugawa. Kuna mdogo wangu wa Mbulu ambaye hana hata jozi moja ya viatu vya kuuza, anaposti tu kwenye stetasi, oda ikija anapata cha juu. Tunachanga nauli ya mzigo, unasafiri kifurushi kimoja badala ya kumi na viwili. Hakuna bosi. Mwezi huu dada wa picha ndo aliyepata kuliko sisi wenye maduka.

Kwa mtu aliyeishia kidato cha nne kama mimi, hii ina maana kubwa. Kule kwenye ajira unaulizwa una cheti gani na umefanya kazi wapi. Kwenye grupu unaulizwa swali moja: mara ya mwisho ulivyopewa pesa ya mtu, mzigo ulifika? Jina lako ndo cheti. Naamini huko ndo kazi inakoelekea. Itakatwa vipande vipande, kila mtu ashike kipande anachokiweza, hata akiwa kijijini.

Lakini nisiwauzie ndoto. Ubaya wake upo na ni mkubwa.

Kwanza, kitu kisicho na mwenyewe huliwa na mjanja. Magrupu mangapi yamekufa kwa sababu mmoja alikusanya pesa ya mzigo wa pamoja akazima simu? Mnakimbilia kwa admini, admini anasema mimi nilifungua grupu tu.

Pili, yapo magrupu yanayojiita ya wote, kumbe ni duka la admini. Anayelalamika anatolewa. Bei ya kweli ya Dar anaijua yeye peke yake. Hapo mmekimbia bosi wa ofisini mkampata bosi wa WhatsApp, na huyu hata mshahara hatoi.

Tatu, winga akiugua, ameugua na kipato chake. Hakuna likizo ya uzazi, hakuna bima. Watu wakubwa wa teknolojia wanapenda kusema kazi ya uhuru, ila uhuru wa kuugua bila msaada sio uhuru. Hili sijaona kikundi cha mtandaoni kilichonishawishi kuwa kimelimaliza. NSSF inapokea waliojiajiri, na nadhani kikundi makini kingeanza kuhimizana hapo.

Nne, grupu lenyewe liko ndani ya WhatsApp, na WhatsApp ina mwenyewe. Kwa hiyo grupu sio salama kwa sababu tu ni grupu. Usalama ni kile mlichonacho nje ya simu.

Mtu anaweza kusema basi tubaki kila mtu na ukurasa wake. Mimi nakataa, kwa sababu dawa ya haya tunayo tangu zamani. Inaitwa kikoba. Mfumo wa kuweka na kukopeshana kwa vikundi vya namna hii ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukasambaa Afrika, leo mama zetu wengi wako ndani yake. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Hakuna anayemuamini mwenzake kwa macho, wote wanauamini utaratibu. Na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivyo vinatakiwa kusajiliwa, hivyo kukitokea wizi mna pa kuanzia. Tunachohitaji ni kuhamishia kufuli tatu kwenye grupu.

Kwa vitendo, mimi ningefanya hivi:

1. Daftari la namba. Kila mteja aliyenunua, andika jina, namba na alichochukua. Kwenye karatasi. Muombe ruhusa, na usiigawe namba yake bila kumuuliza.

2. Admini wasipungue watatu, na wasiwe ndugu. Mmoja akipoteza simu au akigeuka, grupu linabaki.

3. Pesa ya mzigo wa pamoja isikae kwa anayenunua. Mmoja anunue, mwingine ashike pesa, wa tatu aandike. Risiti ya dukani ipigwe picha iwekwe wazi siku hiyohiyo.

4. Kanuni ziandikwe kabla ya ugomvi. Mzigo ukiharibika njiani nani analipa? Cha juu kinaanzia wapi? Mtu anatolewaje, na nani anaamua? Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, kila mtu asaini.

5. Mfuko mdogo wa dharura. Kila mzigo ukiingia, kila mtu aache hata mia tano. Siku mwenzenu analazwa Mrara mtaelewa kwa nini.

6. Njia mbili za kumfikia kila mtu. Namba ya kupiga, na siku moja ya kukutana ana kwa ana, hata mara moja kwa miezi mitatu. Aliyewahi kula ugali na wewe hazimi simu kirahisi.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji bando kubwa au kozi ya laki mbili.

Nawajibu pia wanaosema kazi za namna hii ni za watu waliokosa kazi. Labda ndivyo tulivyoingia, sikatai. Lakini kukosa ajira sio sababu ya kukubali kila sharti la mwenye mtandao au la admini. Tukikaa kila mtu peke yake, bei ya tangazo tunapangiwa, bei ya Dar tunapangiwa, na siku ya kufungwa tunapangiwa. Tukiwa thelathini wenye daftari moja na funguo tatu, kuna mambo tutapanga sisi.

Ukurasa wako usiufute. Uuze huko, upate watu huko. Ila mteja akishanunua mara moja, mtoe barabarani umuingize nyumbani, kwenye daftari lako na kikundi chako.

Swali langu kwenu: grupu ulilopo sasa, admini akipoteza simu leo usiku, kesho asubuhi mnafanyaje kazi? Andika jibu hapo chini, na kama mna kanuni iliyowasaidia, iweke wengine waikopi.