Hita ya Umeme Nyumbani: Ni Ipi Ifaayo?



Jumapili moja ya mwezi wa sita, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa kigango chetu alinifuata ofisini. Nilidhani amekuja kuandikisha ubatizo, nikafungua daftari. Kumbe ameshika karatasi ya dukani. "Karani," akasema, "nisomee hapa, nijue kama mwenye duka ananidanganya au ananisaidia."

Habari yake ni hii. Mama yake mzee amehamia kwake, na baridi ya huku kwetu Njombe mnaijua ninyi mkaao nyanda za juu. Tangu mwezi wa sita mpaka wa nane maji ya ndoo asubuhi huuma vidole, na kule Kitulo umande huganda ukawa mweupe juu ya majani. Magoti ya bibi yamekaza. Umeme umeingia nyumbani mwaka jana. Basi mwana amekwenda mjini kutafuta hita, akaonyeshwa za namna tatu, na moja akaambiwa: "Hii haili umeme, lakini joto lake ni la hita mbili." Bei yake nayo ilikuwa ya hita mbili.

Nikamwuliza: "Kwa sasa mama anaota nini?" Akajibu bila wasiwasi: "Jiko la mkaa. Twamwingizia chumbani usiku, mkaa ukiwa umekwisha kuwa mwekundu, hauna moshi tena."

Hapo nikafunga daftari la ubatizo, nikamfungulia la mazishi. Humo mna ukurasa nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, majina mawili ya nyumba moja, tarehe moja. Walilala na jiko, mlango umefungwa, na nguo zimesindikwa chini ya mlango ili baridi isipite. Mkaa ukiwaka penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksaidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kukalia mahali pa oksijeni, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, pengine akawahi kutoka nje. Aliye usingizini hasikii hata hayo. Watu hudhani sumu ni ule moshi, kwa hiyo moshi ukiisha huona salama imekuja, na hapo ndipo wanapoliingiza jiko ndani. Nikamwambia yule baba, "Jiko litoke chumbani usiku wa leo, hita ununue au usinunue."

Sasa tuje kwenye hita zenyewe, maana najua si yeye peke yake aulizaye.

Neno la kwanza ni hili. Kila hita ya kubeba, iwe ya bei ndogo au ya bei kubwa, ikila uniti moja ya umeme hutoa joto la uniti moja, wala haizidishi. Mwingereza James Joule alianza kulipima jambo hili tangu miaka ya 1840, na hakuna mwenye duka aliyelipindua hata leo. Uniti moja ni umeme wa wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Joto lake latosha kuchemsha kama lita 10 za maji ya baridi. Hita ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa. Ya wati 400 huchukua saa mbili na nusu kuimaliza uniti moja. Basi mtu akikuambia hita yake yala umeme kidogo na kutoa joto jingi, mgeuzie hita hiyo chini usome wati zilizoandikwa kwenye kibati chake. Viko viyoyozi vya kufungwa ukutani ambavyo huvuta joto la nje na kulileta ndani, navyo hutoa joto kuzidi umeme viulao. Lakini hivyo havibebeki, na si vya mifuko yetu wengi.

Kama joto ni lile lile, tofauti iko wapi? Iko katika njia lipitayo, tangu kwenye waya mpaka mwilini mwa mtu.

Namna ya kwanza ni ile yenye vijiti vyekundu na bati ling'aalo nyuma yake. Kwa kawaida waya wake ni mchanganyiko wa nikeli na kromi, aliouwekea hataza Mmarekani Albert Marsh mwaka 1906. Nyaya zilizotumika kabla yake ziliungua upesi zikiwashwa mpaka kuwa nyekundu. Hita hii haishughuliki sana na hewa ya chumba. Joto lake huja kama la jua la asubuhi: likikuangukia waota, ukijitenga pembeni hulipati. Ukiiwasha, baada ya kitambo kidogo tu miguu yasikia joto. Ubaya wake ni kwamba hupasha upande mmoja na kuacha mgongo ukitetemeka, na ukiizima joto limekwisha. Tena ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa moto. Khanga, blanketi, chandarua na nepi za mtoto zikae mbali nayo mita moja au zaidi, wala mtu asilale nayo ikiwaka. Chagueni yenye swichi ya kujizima ikianguka, nanyi mjaribu swichi hiyo dukani kabla ya kutoa fedha.

Namna ya pili ina feni ndani, husukuma hewa kupitia penye moto. Chumba kidogo kilichozibwa vizuri hukipasha upesi kuliko zote, ingawa ina kelele. Lakini nyumba zetu nyingi ni bati tupu juu, hazina dari, na kati ya ukuta na bati pana upenyo wa kupita paka. Hewa ya moto hupanda. Mwenye kuweka hita ya feni katika nyumba ya namna hiyo atawapasha joto popo. Sina mengi ya kuongeza juu yake.

Namna ya tatu ni ile yenye mbavu za chuma, ambayo watu huiita hita ya mafuta. Jina hili limewapoteza wengine wakadhani hutiwa mafuta ya taa. Sivyo. Mafuta yake yamefungwa humo tangu kiwandani, hayaungui wala hayaongezwi. Kazi yake ni kulishika joto la umeme na kulitoa polepole. Ni nzito, na hukawia: pengine nusu saa hupita kabla hamjaona faida. Lakini ukiizima huendelea kuwa na joto kwa muda, haina waya mwekundu wa kuwasha nguo, haipigi kelele usiku, na nyingi zina kifaa cha kujizima chumba kikifikia joto mlilolitaka. Kwa chumba cha mama aliyejifungua, chenye dari na madirisha yafungikayo vema, mimi ningechagua hii. Hata hivyo msianike nguo juu yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilisema nyumba za nchi zenye baridi zisishuke chini ya nyuzi 18 za Sentigredi, nayo hita ya mafuta ndiyo ilindayo kiasi kama hicho kwa utulivu. Na kwa kuwa nimetaja watoto wachanga, niseme pia kwamba kwa mtoto njiti hakuna hita ipitayo kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa pamoja. Wauguzi huwafundisha akina mama jambo hili, na akina baba nao waweza kupokezana.

Tukarudi kwa bibi. Chumba chake hakina dari. Hushinda ameketi, na jioni husali rozari pamoja na wajukuu kabla ya kulala. Nikamwambia mwanawe: "Huna haja ya kupasha chumba. Pasha magoti." Hita ya vijiti vyekundu, kijiti kimoja tu cha wati 400, kikimwelekea kwa umbali wa mita moja, izimwe apandapo kitandani. Kitandani apewe chupa ya mpira ya maji ya moto, iliyofungwa kitambaa. Lita moja na nusu ya maji hayo hudai kama sehemu ya kumi ya uniti, na yakipashwa jikoni pamoja na chakula cha jioni hayadai kitu. Maji yasiwe ya kuchemka, kwa maana ngozi ya wazee huungua kabla hawajasikia.

Yule baba hakuridhika mara moja. Alitaka kubwa ya wati 2,000, "ili mama asikie kweli." Nikachukua kalamu.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, nyumba ya daraja la matumizi madogo hutozwa Sh. 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na Sh. 350 kwa kila uniti izidiyo hapo, kodi mbali. Daraja la kawaida hutozwa Sh. 292 kwa uniti. Nyumba yake hutumia kama uniti 30 kwa taa, redio na simu, maana yake Sh. 3,000. Hita ya wati 2,000 kwa saa tatu kila jioni hula uniti 180 kwa mwezi. Jumla uniti 210: zile 75 za kwanza Sh. 7,500, na 135 zilizobaki Sh. 47,250. Yote pamoja Sh. 54,750! Tena mwenye kupita kiwango mara kwa mara aweza kuhamishiwa daraja la kawaida, na hapo hata taa zake zatozwa bei hiyo. Lakini kijiti cha wati 400, saa zile zile tatu, ni uniti 36 kwa mwezi. Ukijumlisha na 30 za kwanza wapata 66, naye hajavuka 75. Analipa Sh. 6,600. Alizitazama hesabu hizo kwa muda mrefu, akaniomba karatasi aende nayo kwa mkewe.

Yapo mambo ya waya ambayo hayangoji. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Waya mwembamba wa kuunganishia, ule wa kuchajia simu tatu kwa pamoja, utapata moto chini ya mkeka wala hamtauona. Chomekeni hita moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Msiitoe umeme wake penye taa ya darini, kama nilivyokuta katika nyumba moja. Plagi ikiwa ya moto mkononi, zimeni na kumwita fundi. Na wale wenye paneli ndogo ya jua juu ya bati wasijisumbue: paneli ya wati 100, hata juani saa sita mchana, haitoi robo ya umeme wa kijiti kimoja, na usiku haitoi kitu.

Baada ya majuma mawili nilipita nyumbani kwake na daftari la zaka. Jiko la mkaa lilikuwa nje ukumbini, juu yake birika la maji ya chupa ya bibi. Hita ndogo imenunuliwa, na kwa fedha iliyobaki wameziba ule upenyo wa juu ya ukuta na kuanza kupigilia mbao za dari. "Shikamoo, bibi," nikasema, "magoti hayajambo?" "Marahaba, mwanangu. Magoti hayajambo," akajibu, "lakini waambie hawa wajukuu. Saa ya rozari wote wanakaa mbele ya hita, na mimi wananiachia nyuma."