Mwandishi Akishaondoka Shuleni



Wageni wanaofika katika shule za vijijini tunawafahamu. Anakuja mthibiti ubora wa shule, anakuja afisa elimu kata, anakuja muuguzi wa chanjo, na uchaguzi ukikaribia anakuja mgombea. Mbele ya hao wote watoto hufundishwa kusimama, kuamkia kwa pamoja, kisha kunyamaza. Yuko mgeni mmoja ambaye haji kwa ajili ya kunyamaziwa, naye ni mtu anayeandika hadithi za watoto. Huyu akiingia darasani anataka aulizwe.

Nimepata kukaa nyuma ya darasa katika ziara za namna hii, na maswali ya watoto hayatofautiani sana. Je, uliandika wewe mwenyewe au ulinakili mahali? Yule mbuzi alikuwa wako? Ulilipwa shilingi ngapi? Mwalimu hukunja uso akisikia habari ya fedha, lakini mimi naona ndilo swali zuri kuliko yote. Mtoto anayeuliza hivyo ameanza kufahamu kwamba kitabu ni kazi ya mtu, kama mkeka au chungu. Kabla ya hapo wengi hudhani vitabu hutoka Dar es Salaam tu, kama betri na sabuni. Na mgeni akiwa mwanamke, amevaa kitenge kama mama zao, akasema kwamba huandika usiku baada ya kuosha vyombo, utaona wasichana wanatazamana.

Kazi hii ina historia yake hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu, na kilichochapishwa kwa ajili ya watoto kilikuwa hasa vitabu vya kiada. Mtoto aliweza kumaliza darasa la saba bila kupata kitabu cha hadithi cha kulala nacho nyumbani. Ndipo mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi: wachapishaji watoe hadithi za watoto kwa Kiswahili, na mradi ununue sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asiogope hasara. Baadaye wakafundishwa pia waandishi, wachoraji na walimu. Mwaka 1997 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi, inayotolewa kwa wanaoeneza usomaji wa watoto. Akina mama hawakukaa pembeni. Elieshi Lema, aliyeandika Safari ya Prospa na vitabu vingine vya watoto, alianzisha pamoja na mwenzake Demere Kitunga kampuni ya uchapishaji, wakaiita E&D kwa herufi za mwanzo za majina yao.

Pamoja na hayo, njia bado ni ndefu. Upimaji wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 serikali ikaleta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliokazia kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi darasani anaweza kumfundisha mtoto herufi, asipate nafasi ya kumfanya azipende.

Sasa nije kwenye barua iliyonifanya niyaandike haya. Imetoka kwa mama mmoja wa Sanje, katika bonde la Kilombero. Waliopita barabara ya Kidatu kwenda Ifakara wanapafahamu: upande mmoja ni milima ya Udzungwa yenye msitu, na maporomoko yanayoshuka kiasi cha mita 170; upande wa pili ni miwa na mpunga hadi macho yachoke.

Mama huyu anaeleza kwamba mwandishi mmoja alipita katika shule ya mtoto wao, akasoma nao, akaacha vitabu kadhaa. Binti yake wa darasa la nne aliazima kimoja akaenda nacho shambani. Mpunga ulikuwa umeanza kushika, suke likiwa bado na maziwa, na kila alimaye mpunga anajua kwamba wakati huo ndege hawana huruma. Binti aliachwa dunguni kuamia, na kamba ya makopo mkononi. Alisoma. Kweleakwelea wakashuka. Baba aliporudi alikuta upande mzima wa jaruba masuke yamebaki makapi, na mtoto hajainua hata kichwa. Akakichukua kile kitabu akakitia motoni chini ya sufuria, akasema kwamba nyumba ya Kikristo haina haja na uongo uliochapishwa. Mwalimu anakidai kitabu. Binti tangu siku hiyo hagusi kitabu chochote, hata cha shule, na daftari alimokuwa ameanza kuandika hadithi yake mwenyewe amelificha. Mama anauliza kama mume wake alikosa, kama ni kweli hadithi ni uongo, na afanye nini.

Mama mwenzangu, naanza na mpunga, maana wako watakaosoma barua yako mjini na kumcheka baba huyo. Wasimcheke. Mpunga ule ni chakula cha mwaka, ni sare, ni daftari, ni dawa mtoto akiugua. Mtu ambaye hajakaa dunguni tangu alfajiri, koo limekauka kwa kupiga kelele, hajui ndege wale wakishuka kama wingu moyo unakuwaje. Hasira ya mume wako ina sababu.

Lakini kitabu hakikula mpunga. Mtoto wa darasa la nne ukimwacha peke yake mchana kutwa, asipokuwa na kitabu atasinzia, au atashuka kwenda kuoga mtoni, na ndege watakula vile vile. Na kama ilikuwa siku ya shule, basi tujiulize vizuri ni nani aliyepaswa kuwa dunguni. Jembe likimkata mtoto mguu hatulichomi moto, tunamfundisha kulishika. Kitabu kile, tena, hakikuwa cha nyumba yenu. Kilikuwa cha shule, na watoto wengine walikuwa wanakingoja zamu.

Kuhusu uongo, nakusihi ufungue Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 12, umsomee mume wako jioni moja akiwa ametulia. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza kwa kumshitaki. Alimsimulia habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea nyumbani kama binti yake, na tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya. Mfalme akawaka hasira juu ya tajiri yule kabla hajatambua kwamba ni yeye mwenyewe. Kondoo yule hakuwako. Je, Nathani alisema uongo? Na Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa hadithi ya msafiri aliyevamiwa na wanyang'anyi. Mwongo hutaka umsadiki ili akupotoshe. Msimuliaji anakuambia mapema kwamba sasa tunasimuliana. Ndiyo maana bibi zetu walianza na paukwa, nasi tukaitikia pakawa, kila mtu akajua tumeingia wapi.

Sisemi kwamba kila kilichochapishwa kinafaa. Viko vitabu ambavyo mimi nisingempa mtoto wangu. Dawa yake ni kumwambia akusomee kwa sauti wakati unapepeta mchele. Hutapoteza dakika hata moja ya kazi yako, utajua kilichomo, na kama macho yako yamechoka au shule uliiacha mapema, yeye ndiye mwalimu wako na hakuna atakayejua.

Mume wako huenda atajibu kwamba kitabu hakijazi tumbo. Ni neno la kweli, na limewahi kusemwa mahali penye njaa kuliko hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ya Ujerumani ilikuwa vifusi na watoto hawana chakula. Mama mmoja Myahudi, Jella Lepman, aliyekuwa amekimbia nchi hiyo kwa sababu ya Wanazi, alirudi mwaka 1945 akaombwa ushauri juu ya hali ya wanawake na watoto. Aliona mahitaji ya mkate na blanketi, lakini akaandikia nchi mbalimbali, hata zile zilizokuwa zimevamiwa na Wajerumani, akiomba vitabu vya watoto. Maonyesho ya vitabu hivyo yalifunguliwa Munich mwaka 1946. Hadithi moja ya fahali asiyependa kupigana aliitafsiri mwenyewe, zikachapishwa nakala 30,000 kwenye karatasi ya magazeti na kugawiwa bure. Kutokana na juhudi zake ilizaliwa mwaka 1953 IBBY, ile ile iliyokuja kutoa tuzo kwa mradi wetu wa Dar es Salaam. Chama hicho pia ndicho chenye Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, tarehe 2 Aprili. (Kwa Kilombero tarehe hiyo ni katikati ya masika, na kumfikisha mwandishi shuleni siku hiyo kunahitaji mwandishi mwenye viatu vya mpira.)

Sasa la kufanya. Kwanza nenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, usimtume mtoto. Mweleze kwamba kitabu kimeharibika nyumbani na kwamba mtakilipa mpunga ukivunwa. Mume wako ajue kabla hujaenda, maana jambo likimfikia kwa jirani litawasha moto mwingine. Usilizungumze mbele ya binti, wala usiku ule ambao amerudi amechoka.

Pili, wakati wa ndege kitabu kibaki nyumbani. Nasema hivi nikijua waandishi hawatafurahi. Ila kama wako watoto wawili dunguni ni habari nyingine: mmoja ashike kamba na mwenzake asome kwa sauti, wakipokezana. Sauti yenyewe inasaidia kufukuza ndege.

Tatu, na hili ndilo zito, ni lile daftari lililofichwa. Umeniandikia kwamba binti alikuwa ameanza hadithi ya ngolaga. Sijui kama unafahamu jina hilo lilivyofika mbali. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa hapo juu kwenu waliposikia mlio wa kima ambao hawakuutegemea. Mwenyeji aliyekuwa anawaongoza aliutambua mara moja: ni ngolaga. Wataalamu wa dunia hawakuwa na habari ya mnyama huyo, na wazee wa Sanje walikuwa wanamfahamu miaka yote. Leo jina lake la kisayansi ni Cercocebus sanjei, yaani limechukuliwa kwenye kijiji chenu, na haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima ya Udzungwa. Kwa hiyo binti yako hakuwa anapoteza karatasi. Alikuwa ameshika kitu ambacho mtoto wa Arusha au wa London hawezi kukiandika kama yeye.

Usimlazimishe alitoe daftari. Fanya hivi. Mume wako, kama wanaume wengi wa bonde hilo, bila shaka ana visa vya tembo walioingia shambani, au vya mafuriko, au vya siku aliyopotea msituni akiwa kijana. Akiwa na wenzake husimulia mpaka chai inapoa. Mwombe amsimulie binti yake kisa kimoja, kisha mwambie binti akiandike kama baba alivyosema, kwa maneno ya baba, na cha Kindamba kibaki Kindamba kama hakina Kiswahili chake. Baba asomewe mwenyewe yaliyoandikwa. Atasahihisha, nina hakika. Atasema tembo walikuwa watano, si watatu. Hapo mwache aendelee, wewe shughulika na jiko.

Kwa akina mama wengine mlio katika kamati za shule nina ombi moja. Mwandishi akishaondoka, vile vitabu alivyoacha huingia kabatini, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja kwa hofu kwamba watoto watavichafua. Ulizeni ufunguo uko wapi. Takeni siku moja ya wiki kabati lifunguliwe, mama mmoja akae hapo na daftari la kuazimisha. Kuhusu uchafu, karatasi ya mfuko wa saruji, ule upande wa ndani uliokung'utwa vizuri, hujalidi kitabu kikastahimili miaka, na gundi yake ni uji mzito wa unga wa muhogo.